Niwekee Huo Mzizi Mezani: Mafunzo Niliyopata Kishapu na Geita

Nyumba niliyokulia Kishapu, mkoani Shinyanga, ilikuwa na dari ya miti ambako bibi mzaa mama alining'iniza vitu viwili: mahindi ya mbegu na mafungu ya mizizi. Hakuwa mpiga ramli. Alikuwa mwanamke anayeijua miti, na watu wa vijiji vitatu walimjua kwa hilo. Mimi nilisomea uuguzi. Kwa miaka 14 nimefanya kazi kwenye vituo vya afya vya ukanda wa dhahabu, kwanza upande wa Kahama, kisha Geita, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa kwenye kliniki ya VVU. Wachimbaji, wauguzi wenzangu na hata ndugu zangu huniuliza swali moja kuliko yote: je, miti yetu inatibu virusi? Siku hizi sijibu kwa ndiyo wala hapana. Nasimulia yaliyonifundisha.

1. Bibi hakuwa akibahatisha

Nikiwa darasa la pili surua iliingia kijijini. Nakumbuka macho mekundu ya mdogo wangu, na kanga iliyotundikwa mlangoni ili mwanga usimuumize. Bibi alikwenda porini alfajiri akarudi na majani ya mlungulungu. Anayeujua mti huo hawezi kuuchanganya na mwingine: shina lina vinundu vigumu vyenye miiba, na jani ukilisugua vidoleni linanukia kama ganda la limau. Aliyachemsha, akatunywesha, akatuogesha.

Chuoni niliambiwa hayo ni imani tu, nikakubali. Nilipokuwa nikirudi likizo niliona haya bibi akishusha mizizi mbele ya wageni. Miaka mingi baadaye nikakutana na kazi ya watafiti wa Uganda iliyochapishwa mwaka 2002. Walichukua miti miwili ya dawa ya Afrika Mashariki, mmoja wao ukiwa mlungulungu, ambao wataalamu huuita Zanthoxylum chalybeum, wakaipima maabara dhidi ya virusi vya surua. Mti wa pili haukuonyesha nguvu yoyote. Mbegu za mlungulungu zilivizuia virusi. Niliisoma ile karatasi mara mbili. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Kisha nikaisoma mara ya tatu, kama muuguzi. Wao walitumia mbegu, bibi alitumia majani. Wao walifanya kazi na seli zilizooteshwa kwenye vichupa, bibi alikuwa na watoto mikononi. Na mwaka ule mdogo wangu alipona, lakini watoto wawili wa jirani walionyweshwa dawa ileile tukawazika wiki moja. Kilichoipunguzia surua makali kwenye vijiji vyetu ni chanjo, pamoja na vitamini A kwa mtoto aliyekwisha kuugua. Namheshimu bibi kwa kuyasema yote mawili.

2. Kirusi kufa kwenye kisahani ni mwanzo wa safari

Kila baada ya miezi michache mtu ananitumia ujumbe: mti fulani umethibitishwa kuua virusi vya UKIMWI, au vya homa ya ini. Mara nyingi si uongo mtupu. Chukua mlundalunda, Cassia abbreviata, mti wa maua ya njano na maganda marefu kama fimbo, ambao mizizi yake inauzwa karibu kila gulio la kwetu. Mwaka 2012 watafiti wa Botswana walichapisha kwamba viambata vilivyotolewa kwenye mizizi hiyo vilizuia VVU vya kundi C kuzaliana ndani ya seli za damu. Hilo limeandikwa na linasomeka.

Ila mtu lazima aelewe kilichofanyika. Mtafiti anasaga mzizi, anavitoa viambata vyake kwa maji au kwa spiriti, anaviweka kwenye kisahani chenye seli na virusi, kisha anahesabu. Anatafuta namba mbili. Ya kwanza ni kiasi kinachozuia virusi. Ya pili ni kiasi kinachoua seli yenyewe. Namba hizo zikikaribiana, hapo hakuna dawa, kuna sumu inayomuua mwenye nyumba pamoja na mwizi. Jiki nayo inaua virusi. Namba zikiwa mbali, sumu ikianza kuonekana kwenye kiasi cha mara mia kuliko kile kinachozuia virusi, ndipo kazi inapostahili kuendelea: kwa panya, kisha kwa watu wachache wazima wa afya, kisha kwa wagonjwa wengi.

Upo na mtego ambao watu wa kwetu wanauelewa upesi nikiwaeleza, kwa sababu wameuonja. Ni ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna gome. Huo ukakasi ni tanini, ileile inayotumika kusindika ngozi. Tanini hushikamana na karibu protini yoyote inayokutana nayo, na kirusi kimevaa protini. Kwenye kisahani itakifunga kirusi na namba zitapendeza sana. Mdomoni na tumboni itakutana kwanza na mate, uji na ukuta wa utumbo, na kitakachofika kwenye damu ni kidogo mno. Kwa hiyo mtafiti makini huiondoa tanini kwanza, halafu anapima upya. Magome na mizizi yetu mingi imejaa tanini, na ahadi nyingi za kwenye simu zinaishia hapo.

3. Nilipogombeza, walificha

Alikuwa mchimbaji wa miaka kama 30, mtu wa duara, anayeshuka chini kwa kamba alfajiri na kupanda jioni akiwa mweupe kwa vumbi la mawe. Alianza dawa za kufubaza VVU vizuri, hakosi tarehe, na kipimo cha wingi wa virusi kilipokuja kilionyesha havionekani. Kisha akapotea miezi mitano.

Watu wa machimboni wanajua kinachotokea. Dhahabu ikisikika imetoka sehemu mpya, watu wanahama usiku uleule, na mwenye kuchelewa hapati nafasi. Kadi yake ya kliniki ilibaki kwenye kibanda alichokiacha. Kule alikofika dawa za serikali zilikuwa mbali, lakini kando ya mwalo, pale karasha zinaposaga mawe mchana na usiku, palikuwa na mama anayeuza maji ya mlundalunda kwenye chupa. Yule mama hakumdai kadi. Hakumpanga foleni. Alimwita mwanangu. Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu dawa zetu ni za bure tangu mwaka 2004, na bado alikuwa tayari kulipa.

Akanywa. Kuhara kulikokuwa kunamsumbua kukakoma, akala, akapata nguvu ya kushuka duarani. Akaamini amepona. Hapo ndipo VVU vinapowadanganya watu: hujificha ndani ya seli, dawa zikiwepo vinanyamaza, dawa zikiachwa vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache, lakini mwili unaweza kukaa miezi kabla ya kulalamika. Mzizi unaotuliza tumbo unampa mtu ushahidi anaouhisi mwenyewe, na virusi vinaongezeka bila kuhisiwa.

Alirudi kwangu amepungua kilo 11, na vidonda mdomoni. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia habari za mizizi, kwa maana ilionekana alikuwa akiitumia hata kabla ya kuhama, alitazama chini. "Nesi," aliniambia, "siku ile nilikuwa kwenye benchi. Nilikusikia unavyomsema yule mama wa chupa."

Nilimkumbuka yule mama, mgonjwa mwingine aliyekuja kliniki na chupa yake ya mizizi. Nilikuwa nimeichukua chupa yake nikaimwaga kwenye sinki mbele ya watu, nikamwambia achague kati yangu na mganga. Nilidhani nafanya kazi yangu. Kumbe siku ile nilifunga midomo ya benchi zima.

Tangu hapo namuuliza kila mgonjwa kwa sauti ileile ninayoulizia kama amekula: "Mbali na dawa zetu, unatumia nini kingine? Niwekee mezani." Na vitu vinatoka. Mizizi iliyofungwa kwa uzi, unga kwenye karatasi ya daftari, chupa za maji ya uhai zenye kitu cheusi, mbegu za mlonge, kitunguu saumu kilichosagwa na asali. Nahitaji kuviona, kwa sababu mimea na vidonge vinakutana mwilini. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima wa afya waliopewa vidonge vya kitunguu saumu pamoja na saquinavir, mojawapo ya dawa za VVU za wakati huo. Kiasi cha dawa kwenye damu kilishuka kwa karibu nusu. Kitunguu saumu, kitu cha jikoni! Saquinavir siyo ninayoitoa leo, lakini hata dolutegravir tunayoitumia sasa ninawaonya wagonjwa wasiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma au chokaa bila chakula, kwa sababu madini hayo yanaishika dawa tumboni isiingie mwilini. Kama kidonge cha kuongeza damu kinaweza kufanya hivyo, siwezi kuacha kuuliza kilichomo kwenye chupa nyeusi.

Yule mchimbaji alirudia dawa. Baada ya miezi sita virusi havikuonekana tena. Bado anakunywa mlundalunda tumbo likimsumbua, na ananiambia siku aliyokunywa.

4. Kikombe si kipimo

Mizizi ya nengonengo, ambao kitaalamu ni Securidaca longipedunculata, ina harufu ambayo mtu akiisikia mara moja anafikiri amefungua kopo la dawa ya kuchua misuli. Kweli, kiambata chenyewe ni kilekile, salisilati ya methili. Ni mti unaoheshimiwa na waganga wa Usukumani, na ni mti wenye sumu. Bibi alikuwa akiukata vipande vidogo kuliko ukucha na hakumpa mtoto kamwe.

Nimewahi kumpokea kijana aliyekunywa maji ya mizizi hiyo kwa sababu ya manjano ya macho ambayo aliambiwa ni virusi vya ini. Aliambiwa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kikombe kipi? Cha bati cha nusu lita au cha kahawa? Mizizi ya mti mchanga au mkongwe, ya kiangazi au ya masika, iliyochemka dakika kumi au iliyolala kwenye maji usiku mzima? Viambata hubadilika kwa yote hayo. Alitapika usiku kucha, akaharisha damu, tukampeleka kwenye hospitali kubwa na figo zake zilikuwa zimeanza kugoma. Hakurudi.

Ini lililoshambuliwa na virusi vya homa ya ini ndilo linalotakiwa kuisafisha ile sumu. Mgonjwa wa ini ndiye wa mwisho kabisa kufanyiwa majaribio ya vikombe, na kwa bahati mbaya ndiye anayeshauriwa mizizi kuliko mgonjwa mwingine yeyote, kwa kuwa manjano yanaonekana na kila mtu ana dawa yake.

5. Mti unaweza kuwa na ukweli wa ugonjwa mwingine

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha dawa kwa Sh 500, tajiri na maskini kwenye foleni moja, na magari yalipangana kwa kilomita nyingi. Mti uliotumika unaitwa mugariga, kitaalamu Carissa. Wachache walijua kwamba miaka mitano kabla, mwaka 2006, watafiti wa Kenya walikuwa wamechapisha kazi juu ya mizizi ya Carissa dhidi ya virusi vya malengelenge, herpes simplex, kwenye seli na kwenye panya, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo.

Malengelenge si VVU. Si kisukari wala saratani pia, magonjwa ambayo watu walikwenda kuyatafutia tiba kwenye kikombe kile. Kirusi cha malengelenge na kile cha UKIMWI vimeumbwa tofauti, vinaingia seli kwa milango tofauti, vinajinakili kwa vimeng'enya tofauti. Mtu anaponiambia mti mmoja unatibu virusi vyote, namuuliza kama ana ufunguo mmoja unaofungua kufuli zote za Kahama.

Naihuzunikia nafasi ile. Watu wengi vile, mti mmoja, dozi moja, na daftari la kufuatilia wenye malengelenge lingeweza kutufundisha kitu ambacho tungekuwa nacho mpaka leo.

6. Mvuke unafungua pua

Mwaka 2020 Korona ilipoingia, kila nyumba ilikuwa na sufuria ya mkaratusi, mchaichai na majani ya mlimao. Nilijifukiza na mimi. Serikali ilipokea dawa ya Madagascar iliyotengenezwa kwa artemisia, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, ikatengeneza NIMRCAF kwa viungo vya jikoni kama tangawizi. Nilichokiona kituoni ni kwamba mvuke ulifungua pua na kumpa mgonjwa usingizi, jambo ambalo si dogo. Nilichokiona pia ni watoto wawili walioungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka chini ya blanketi. Mtoto hajifukizi chini ya blanketi, na kifua kinachobana kinahitaji oksijeni.

7. Kuna homa zisizosubiri mzizi

Januari 2025 homa ya virusi vya Marburg ilitangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, jirani kabisa na sisi. Magari ya huko yanapita Bwanga kuja Geita kila siku. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliohesabiwa kuwa wagonjwa, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa 10, na wote 10 walifariki.

Homa hii huanza kama malaria. Mgonjwa anakwenda kwa anayemwamini, na mara nyingi huyo ni mganga, ambaye anamshika, anamwosha, anafuta matapishi yake kwa mikono mitupu. Wiki zile nilikwenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa waganga wanne ninaowajua. Sikuwaambia waache miti. Niliwaambia: homa kali na mgonjwa ametoka upande wa Biharamulo, au anatoka damu, usimguse, piga simu. Mmoja wao, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliniuliza kama kuna mti wowote duniani unaotibu hiyo. Nikamwambia hakuna dawa ya mti wala ya kiwandani iliyoidhinishwa kwa Marburg. Alitikisa kichwa akasema, basi tuko sawa. Aliomba glavu, nikampa boksi.

8. Njia ipo, na inapita mbali

Nisingependa msomaji afikiri naifunga milango. Mimea imeshatoa dawa za virusi. Ile iliyo karibu nasi kuliko zote ni chai. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu ya katekini kutoka majani ya chai ya kijani kwa chunjua za sehemu za siri, zinazoletwa na virusi vya papiloma. Angalia vizuri: ni marhamu, inapakwa juu ya chunjua zenyewe, ina kiasi kilichopimwa, na imejaribiwa kwa wagonjwa. Kunywa chai hakuondoi chunjua.

Mfano mwingine ni oseltamivir, dawa ya mafua makali ya influenza. Kwa miaka mingi malighafi yake ilitoka kwenye kiungo cha China chenye umbo la nyota, ambacho kina tindikali ya shikimi. Tindikali hiyo peke yake haizuii mafua. Wakemia wanaibadilisha hatua kwa hatua mpaka inakuwa kitu kipya. Mti ulitoa matofali, nyumba ikajengwa maabara.

Kwetu kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianza Muhimbili mwaka 1974 na leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. NIMR nayo ina kituo chake cha tiba asili Mabibo, Dar es Salaam. Kazi ipo. Inakwenda polepole, na inastahili fedha na wanasayansi wengi kuliko ilivyo, maana miti ya kupima ni mingi kuliko mikono.

9. Matimba yanakula duka la dawa

Hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Mwaka 1987 wakusanyaji wa mimea wa mpango wa taasisi ya saratani ya Marekani walichukua majani na vijiti vya mti wa Calophyllum huko Sarawak, Malaysia. Maabara ikaonyesha kwamba kiambata chake, kalanolidi A, kinazuia VVU. Waliporudi kuchukua zaidi, ule mti ulikuwa umeshakatwa, na miti mingine ya jamii hiyo waliyoipima haikuwa na kiambata kilekile kwa kiasi cha maana. Walihangaika sana kabla ya kupata njia nyingine. Mpaka leo dawa hiyo haijafika dukani, lakini kisa chenyewe nakisimulia kila ninapopata nafasi.

Duara la mchimbaji mdogo lina kuta za udongo, na kinachozuia udongo usianguke ni matimba, magogo yanayopangwa toka juu mpaka chini. Shimo la mita 40 linakula miti mingi. Ongeza kuni na mkaa wa maelfu ya watu waliohamia sehemu ambako mwaka juzi palikuwa pori. Nimeona mlundalunda mnene kama pipa ukiwa timba. Simlaumu aliyeukata, kwa sababu timba bovu linaua watu chini ya ardhi, nami nimewapokea waliofukiwa. Lakini hakuna aliyeuliza ule ulikuwa mti gani.

Shinyanga iliwahi kupita hapo. Misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni kufukuza mbung'o, pamba na ng'ombe vikamalizia, mpaka mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake ilikuwa kwamba haukuleta kitu kigeni: ulirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mpaka kiangazi kikali. Zamani bibi alikuwa na ngitili, na jirani yake pia. Maeneo yaliyofungwa yakaota upya, ekari kwa maelfu mengi, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Equator. Miti ya dawa ilirudi pamoja na majani ya ng'ombe. Mwaka 1999 kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilichapisha utafiti wa miti ya dawa ya Shinyanga, uliokusanywa kutoka kwa waganga na wakulima wenyewe, ukieleza ni ipi ianze kupandwa. Nengonengo na mlundalunda ni miongoni mwake.

Nina ekari mbili Kishapu. Nimezifunga. Mlungulungu umejiotea wenyewe, saba kwa hesabu ya mwezi uliopita. Kuchimba mizizi nimeweka sharti moja kwa ndugu zangu: unachukua mizizi ya pembeni upande mmoja tu, unafukia, hurudi mti huohuo mpaka mvua mbili zipite.

10. Mganga anayejificha hawezi kukufundisha

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Inamtambua mganga, inamtaka ajisajili, na imeunda baraza la kusimamia kazi hiyo. Lakini kwenye mikoa yetu jina la mganga limechafuliwa na damu. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa, na wapiga ramli waliwaambia wachimbaji kwamba viungo vya binadamu vinavuta dhahabu. Ni uovu usio na jina. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli hao, na ilikuwa lazima. Kilichofuata vijijini ni kwamba hata mzee asiyejua kitu kingine ila gome na mizizi aliingia ndani akafunga mlango.

Yule mzee wa glavu alikuwa mmoja wao. Ilinichukua karibu mwaka kumshawishi aende kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri akajisajili. Alihofu mawili: kukamatwa, na kuibiwa. La pili lilinipa kazi zaidi, kwa sababu ana haki. Mtu akija na gari, akachukua mzizi na maelezo yake, akaondoka, mzee anabaki na nini? Nilimwambia ukweli kwamba mimi sina uwezo wa kumhakikishia malipo ya kesho. Nilichoweza ni kununua daftari kubwa la kaunta, kuandika jina lake ukurasa wa kwanza, na kuandika kwamba kilichomo ni chake, na hakitatoka bila yeye kukubali.

Sasa anakuja Alhamisi, siku isiyo na foleni. "Mwangaluka, mayu," ananisalimu, nami naitikia kisha namvutia kiti. Anaweka mkoba mezani, anatoa kimoja kimoja. Naandika jina la Kisukuma, sehemu ya mti, anampa nani, kiasi gani kwa kipimo cha mililita tulichokubaliana, asiyepaswa kupewa, na kilichotokea. Wagonjwa wake wenye VVU anawaleta mwenyewe, na akisikia mmoja ameacha vidonge anamgombeza kwa ukali ambao mimi niliuacha.

Alhamisi iliyopita alitoa mzizi mnene, mwekundu kwa ndani. Niliutambua nikaanza kuandika mlundalunda. Akaugonga mkono wangu taratibu kwa kidole.

"Andika pia ulikotoka," alisema. "Huu ni wa kwenye kichuguu. Wa bondeni hauna nguvu kama huu, babu zetu walikuwa hawauchukui."

Nikaandika: wa kwenye kichuguu.